Siku Tuliyoulaza Waya Mbele ya Afisa

Mbuzi mmoja mwenye pembe moja aliwahi kuizima Kakuma nzima, na aliyempa nafasi hiyo ni mimi.

Wakati huo nilikuwa mhudumu wa redio katika kampuni ya malori ya chakula cha msaada. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kibanda cha mabati na kuzungumza na madereva kutoka Kainuk mpaka kule mpakani. Sasa, nyinyi vijana wa klabu mnajua kwamba redio kubwa hutaka kushikwa na ardhi. Unapigilia chuma mchangani, unakiunganisha na redio kwa waya. Lakini mchanga wa Kakuma ni mkavu kuliko biskuti ya mwaka juzi, na ardhi kavu haishiki umeme. Dawa yake ni maji ya chumvi. Unamwaga ndoo nzima pale penye chuma, panakuwa tope, redio inapata nguvu. Hiyo ni elimu ya kweli, iandikeni. Nilichokuwa sijafundishwa ni kwamba mbuzi wa Turkana akisikia harufu ya chumvi anaacha hata mazishi ya mamake. Walikuja mia mbili. Mke wangu husema walikuwa kumi na wawili, lakini yeye hakuwepo. Wakalamba, wakachimba kwa kwato, wakalamba tena, na ilipofika saa nne yule wa pembe moja alikuwa anaelekea lagani, kule kwenye mto mkavu, waya wangu umemzunguka shingo, chuma kinaburuzika nyuma yake, nami namfuata mbio na hedifoni masikioni kama rubani aliyepoteza ndege. Malori saba yalikosa maagizo siku hiyo. Tangu hapo, penye chumvi mimi huzungushia miiba ya mathenge. Iandikeni hiyo pia, chini ya ile ya kwanza.

Nawaandikia haya kwa sababu Akiru ameniamuru. Akiru ni mwenyekiti wetu hapa Lodwar, mwalimu wa fizikia wa sekondari, binti ambaye akikwambia kaa unakaa hata kama ulikuwa umeshakaa. Alisema, "Mzee, daftari la klabu lina majina ya vifaa vyote, lakini hakuna mahali limeandika vile tulipata hiki chumba. Watoto wataingia hapa wakidhani tulizaliwa ndani yake."

Basi hamkuzaliwa ndani yake. Kilipiganiwa, na kwa karibu saa tatu nzima kilikuwa kimepotea.

Kabla sijafika huko, niwape mtu aliyenifundisha kazi, maana bila yeye hata huo ushindi usingekuwepo. Anaitwa Mzee Wafula. Aliletwa kutoka Kitale kutengeneza redio zetu kwa miezi mitatu, akakaa hadi ndevu zikawa nyeupe. Alikuwa mtu wa maneno machache na sukari nyingi. Chai yake ungeweza kusimamisha kijiko ndani.

Siku yangu ya kwanza kazini nilishika maikrofoni nikasema bila kupoteza wakati, "Lori namba tano, uko wapi?"

Mzee Wafula akaninyang'anya maikrofoni. "Wewe umelelewa na nani?"

"Na mama yangu."

"Na mama yako alikufundisha kumuuliza mtu aliko kabla ya kumwambia ejok?"

Nikadhani ni mambo ya adabu tu. La, ilikuwa ufundi. Mkianza kusalimiana, ejok, ejok-nooi, watoto je, mifugo je, mvua je, yule wa upande wa pili anapata nafasi ya kuzungusha kitufe chake taratibu mpaka sauti yako ikae sawa. Wewe nawe unamsikiliza: ana nguvu, anafifia, ana kelele nyuma yake? Mkimaliza mbuzi na watoto, redio zote mbili zimeshakaa mahali pake, na neno la maana linapita bila kuchubuka. Anayeanza na neno la maana hulirudia mara sita. Kwa hiyo vijana, mnaponicheka kwamba nasalimia hewani kama mtu aliyekuja kuposa, jueni kwamba mikono yangu iko kazini.

Mambo mengine ya Mzee Wafula nitayataja harakaharaka, maana Akiru amenipa kurasa chache. Kunguteni hedifoni kabla ya kuvaa, kwa sababu nge hupenda sifongo kuliko mawe. Mimi nina sikio moja lililovimba wiki mbili na nusu, lilikuwa kubwa kama sahani ya ugali. Namba zitajwe moja moja, nne saba, kamwe si arobaini na saba. Aliyepokea asome alichoandika, na aliyetuma akae kimya asikilize hadi mwisho, hata kama anajua kwamba kiko sawa. Na kulehemu msikufanye kwenye upepo. Siku hizi mna chuma cha kulehemu cha betri, kinawaka kabla hujakohoa. Sisi tulipasha msumari mnene wa shaba kwenye jiko la makaa, ukakimbia nao kutoka jikoni hadi kwenye redio kabla haujapoa, mke wa mtu anapiga kelele kwamba umemwangushia sufuria. Nimewahi kulehemu redio kwa makaa yaleyale yaliyochoma mguu wa mbuzi, na vyote viwili viliiva.

Haya, chumba.

Klabu yetu ni ya redio ya ridhaa, yaani watu wenye leseni wanaozungumza hewani kwa kupenda, bila mshahara. Upande wa Lodwar tuko na Akiru. Upande wa Kakuma anayeongoza ni Bahati, fundi wa simu mwenye asili ya Kongo, mtu mwenye sauti inayoweza kukausha nguo. Kwa miaka miwili sisi wa Lodwar tulikuwa tunakutana barazani kwa Akiru, na kila tukifungua redio vumbi linaingia kabla yetu. Redio ya kwanza ikafa kwa vumbi. Ya pili ikafa kwa vumbi na joto. Ya tatu ilikuwa inakohoa, na hatukuwa na ya nne. Ikifa hiyo, klabu imekufa, na Bahati kule Kakuma atabaki anazungumza na ukuta.

Palikuwa na stoo ya zamani, ile yenye kuta nene na mlango wa chuma, imefungwa miaka. Akiru akaiomba. Afisa aliyekuwa na mamlaka ya majengo akaja kutuona. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye kofia pana, na alikuwa ameshaahidi stoo hiyo kwa viti vya plastiki vya mikutano.

"Simu ziko," akasema. "Nyinyi waya ni wa nini?"

"Na network ikipotea, bwana afisa?" Akiru akauliza. "Utaongea na Kakuma na nini?"

"Natuma dereva."

"Na laga ikijaa?"

Afisa akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Sawa. Mimi ni mtu wa kuona. Jumamosi naleta jumbe kumi kwa karatasi. Tano zitoke hapa, tano zitoke Kakuma, nitaweka mtu wangu huko. Simu zote zinazimwa. Kuanzia saa mbili mpaka saa sita mchana. Neno likikosewa hata moja, imeanguka. Mkishinda, ufunguo ni wenu. Mkishindwa, viti vinaingia hiyo Jumamosi jioni. Lori nimeshaliambia."

Akiru akakubali kabla sijameza mate. Baadaye nikamwambia, "Mwalimu, umemkubalia haraka." Akanijibu, "Mzee, kila Jumamosi tunaongea na Bahati, tena na ule waya wetu wa kuanikia nguo. Hii ni ya bure."

Maneno hayo, "waya wa kuanikia nguo", yashikeni kidogo. Wakati ule waya wetu ulikuwa umefungwa kati ya mgunga mmoja na pembe ya nyumba ya Akiru, umelegea, na kweli kuna siku jirani alianika blanketi juu yake.

Mimi wiki hiyo nikateremka Katilu kuangalia shamba langu la mahindi, ambayo mwaka huo yalikuwa marefu hivi kwamba ndege walikuwa wanapumzika katikati wakipanda. Nikarudi Ijumaa jioni. Kufika kwenye uwanja wa ile stoo, nikasimama mdomo wazi.

Vijana walikuwa wamesimamisha mlingoti. Wa chuma, umechomelewa vipande vipande, mita kumi kwenda juu, umeshikwa na kamba pande nne. Waya umepandishwa wima kutoka chini hadi kileleni, na mchangani wamefukia nyaya nyingine zimetawanyika kama miguu ya buibui. Akiru alikuwa amechubuka viganja vyote viwili.

"Unaonaje, Mzee?" akaniuliza.

"Huu hata Mungu anauona bila miwani," nikasema.

"Afisa akija kesho asione waya wa nguo. Aone kituo."

Na jioni ile ile tukauwasha. Wanangu, tuliisikia Brazili! Mtu wa Japani akatuitikia, akatamka "Lodwar" kama mtu anayeonja asali. Vijana walirukaruka mchangani mpaka nikahofia mlingoti utaanguka. Nami nilipiga picha nikiwa nimeushika, tumbo ndani, kama niliuzaa mimi. Ninyi mnaoitazama picha hiyo ukutani na kusema "Mzee alikuwa na nguvu", jueni kwamba hiyo ni picha ya mtu anayelifanya kosa kubwa kuliko yote ya maisha yake ya kazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuita Kakuma. Nani anaita Kakuma wakati Japani iko hewani? Kakuma ni hapo tu.

Asubuhi, saa mbili kamili, afisa akafika na gari jeupe na karani mmoja mwembamba. Simu zikakusanywa kwenye beseni, beseni likafunikwa na leso. Akatazama mlingoti kutoka chini hadi juu, kofia ikaanguka nyuma.

"Sasa hii ni kitu," akasema.

Akiru akakaa mezani, mlangoni mwa stoo, akabonyeza. "Kakuma, Kakuma, Kakuma, hapa ni Lodwar."

Mchanga ulijibu zaidi ya Kakuma.

"Kakuma, Kakuma, Lodwar anaita."

Ikatoka sauti ya mtu wa Uarabuni, kwa mbali, akazama. Kisha shshshsh. Akiru akaita dakika kumi. Akaita nusu saa. Afisa mwanzoni alikuwa amesimama, akaketi, akaanza kuangalia saa.

Saa tatu na nusu, Akiru akanigeukia, jasho limeshuka hadi kwenye kidevu. "Mzee, ardhi ni kavu. Maji ya chumvi?"

Hilo ni somo langu mwenyewe, nimelifundisha miaka yote. Nikajivuna. "Leteni ndoo!" Tukamwaga. Tukaita. Shshshsh. Tukamwaga ndoo ya pili. Tukaita. Mbuzi watatu wakatokea nyuma ya stoo wakiramba midomo.

"Hao ndio Kakuma?" afisa akauliza.

Karani akacheka puani. Akiru hakucheka. Aliinuka akaenda kusimama karibu na mlango wa chuma, mgongo kwetu, na nikamwona anapitisha kidole kwenye kufuli lile la zamani. Nimemjua tangu akiwa mwanafunzi wa kuazima vitabu. Sijawahi kumwona amesimama vile. Nikajua kwamba akirudi mezani na kuita tena bila kujibiwa, mwaka ujao hakutakuwa na klabu ya kuniamuru niandike kitu.

Nikaketi kwenye ekicholong yangu, kigoda kile mnachokijua, nikashika kichwa. Ndipo Mzee Wafula akanijia, si kwa ndoto, kwa aibu.

Nilikuwa na umri wenu, nimepelekwa Lokori peke yangu. Pale nilitafuta mti mrefu kuliko yote, nikapanda, nikasimamisha waya wima kama mkuki. Nikasikia meli za baharini, wanangu, niko Lokori katikati ya mchanga! Lakini Lodwar haikunisikia siku tatu, na malori manne yalikuwa yamekaa hapo bila kujua yaende mbele au yarudi. Siku ya nne Mzee Wafula akaja mwenyewe. Hakunigombeza. Alikula, akanywa chai yake, akafuta mdomo, kisha akautazama mkuki wangu.

"Wewe unataka kuongea na nani?"

"Na Lodwar, Mzee."

"Basi mbona unamkodolea macho Mmarekani?"

Akaukata waya, akaulaza baina ya migunga miwili mifupi. Kisha akanieleza, na ndiyo hotuba ndefu kuliko zote aliyowahi kutoa. Waya ukisimama, akasema, unatupa sauti pembeni, chini kwa chini kuelekea upeo wa macho. Ile inayotambaa inafia mchangani kabla ya kumfikia jirani. Ile inayoruka inapita juu ya kichwa cha jirani na kushukia nchi za watu. Lakini waya ukilala, tena chini, sauti inapanda moja kwa moja kama moshi siku isiyo na upepo, inagonga dari ya mbingu, halafu inarudi chini kama mvua. Lodwar inalowa, Kakuma inalowa, Lokori inalowa. "Ukitaka wa mbali, simama," akasema. "Ukitaka wa nyumbani, lala."

"Nilaze urefu gani, Mzee?"

"Ngamia akinyoosha shingo asifikie. Zaidi ya hapo ni maringo." Kipimo hicho alikilipia yeye mwenyewe, maana waya wake wa kwanza aliufunga kwa kamba ya mkonge, chini mno, na ngamia akala kamba.

Basi pale kwenye kigoda nikainuka kwa kasi hadi magoti yakalia. Saa ilikuwa nne kasoro.

"Akiru! Shusha waya!"

Akageuka. "Nini?"

"Ushushe. Tuulaze."

"Mzee, zii! Tuushushe mbele yake? Hii kitu ndiyo imemfanya akae mpaka saa hii!"

"Imemfanya akae. Haijamfanya Bahati ajibu."

Afisa akasikia. "Mnakunja hema mapema hivyo? Lori la viti liko karibu, msihangaike."

Akiru akanitazama, akatazama mlingoti wake, akatazama viganja vyake. Msidhani ni jambo jepesi. Watu wengi wanaweza kupandisha kitu kirefu mbele ya mkubwa. Kukiteremsha mbele yake ni wachache. Mimi mwenyewe Lokori sikuweza, ilibidi mwingine anifanyie. Yeye alipumua mara moja, akasema, "Waya wa mlingoti ndio nusu ya kwanza. Nusu ya pili?"

"Chimbua mmoja wa ile mliyofukia. Urefu ni uleule."

Hapo ndipo nilijua ni fundi kunishinda. Kwa dakika kumi alikuwa amekata, amekwangua, amelehemu nusu mbili katikati na kuzifunika na plastiki ya chupa. Upande mmoja tukaufunga kwenye mgunga. Upande wa pili, wanangu, hakukuwa na mti! Mchanga mtupu hadi barabarani. Tukatazamana. Kisha wote kwa pamoja tukalitazama gari jeupe.

"Bwana afisa," Akiru akasema kwa heshima zote, "tunaomba kuazima gari. Hatutaliendesha."

"Mtafanya nini nalo?"

"Liwe mti."

Nasema kweli, karani alicheka mpaka akakaa chini. Tukafunga mti mwembamba wa mkoma, uliokuwa umelala nyuma ya stoo, juu ya kariya ya paa la gari, tukaupima kwa jicho la ngamia, tukavuta waya ukanyooka. Na kwa kuwa gari lilikuwa limefungwa kwenye antena, afisa hata angetaka kuondoka asingeweza. Jua la saa tano kasoro lilikuwa limeanza kazi yake. Mate yalikauka kabla hujatema.

Akiru akakaa mezani. Akashika maikrofoni, akataka kuanza, "Kakuma, ujumbe wa kwanza—"

"Salimia," nikasema.

"Mzee, muda!"

"Salimia."

Akapumua. "Kakuma, Kakuma, hapa ni Lodwar. Ejok?"

Akaachia kitufe. Na ile redio yetu inayokohoa ikapaza sauti hadi mbuzi wakakimbia.

"Ejok-nooi! Lodwar! Lodwar, siye tuko hapa tangu asubuyi, koo imekauka! Niko nakusikia muzuri sana, ni kama uko hapa pembeni yangu! Mulikuwa wapi?"

"Tulikuwa Japani, Bahati," Akiru akasema. "Sasa tumerudi. Watoto wako je?"

"Beko! Beko bazima! Na mbuzi zenu?"

"Ziko hapa zinatuchunga."

Mimi nazungusha kitufe, nywele kwa nywele, mpaka kelele ikaisha. Afisa alikuwa amesimama bila kujijua. Akatoa karatasi ya kwanza.

Sasa fikirini wenyewe: saa tano kamili, jumbe kumi, na yeye alikuwa ameziandika kwa roho ngumu. Wa kwanza ulikuwa na majina ya watu watatu na namba ya gari. Wa tatu ulikuwa wa dawa, wenye maneno ambayo hata daktari angeyatamka akiwa ameshika kiti. Akiru anatuma herufi moja moja, Bahati anasoma alichoandika, Akiru anasikiliza hadi nukta ya mwisho ndipo anasema, "Ndivyo." Hakuna aliyeharakisha. Wale waliotaka kuharakisha niliwakanyaga vidole. Zikaenda tano. Zikaanza kuja tano za Kakuma, na sauti ya Bahati ikitua moja moja kama mtu anayepanga matofali. Ya tisa ilikuwa ndefu kama harusi. Katikati yake upepo ukaja, mti wa mkoma ukainama juu ya gari, waya ukayumba, Bahati akafifia. Karani, yule aliyekuwa anatucheka, akatupa kalamu, akaruka juu ya gari la mkubwa wake na kuushika ule mti kwa mikono yote miwili.

"Endeleeni!" akapiga kelele kutoka juu. "Nimeushika!"

Ujumbe wa kumi ulisomwa mara ya mwisho ikiwa imebaki dakika tisa saa sita ifike. Afisa akazilinganisha zote kumi na karatasi zake, kidole chake kinafuata mstari kwa mstari, midomo inatembea. Akarudi mwanzo, akazilinganisha tena. Sisi tumesimama hata hatufukuzi inzi.

"Hmm," akasema. Akazikunja, akazitia mfukoni. Halafu akaunyooshea kidole mlingoti uliobaki uchi. "Na hii sasa ni ya nini?"

"Hiyo ni ya Japani, bwana afisa," Akiru akajibu. "Kakuma ni jirani."

Akaguna. Hakusema tumeshinda wala tumeshindwa. Akasema anataka kwanza kuzungumza na Kakuma mwenyewe, ahakikishe hakuna ujanja. Akiru akamwonyesha kitufe, akatoka kuja kwenye kamba za gari pamoja nasi, tukimngoja kwa mbali kama watu walio nje ya wodi. Afisa akakaa, akabonyeza, akasema kwa sauti ya mkutano, "Kakuma, ni mimi afisa mwenyewe. Ejok!"

Kimya.

"Kakuma! Mmenisikia?"

Kimya. Akageukia karani, ambaye alikuwa ameshateremka, akamvuta karibu, akamnong'oneza kitu sikioni huku akitutupia jicho. Karani akaitikia kwa kichwa, akaandika. Moyo wangu ukashuka hadi kwenye kandambili. Akiru akanishika mkono. Kisha akakaza macho, akatazama meza vizuri.

Redio hii si simu. Ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia. Na kidole gumba cha bwana mkubwa kilikuwa bado kimekibana kitufe hadi kikawa cheupe.

"Bwana afisa," Akiru akamwita, "achia kidole."

Akaachia. Spika ikalipuka. Vigelegele, masufuria, watu wengi wanaimba kwa pamoja, na juu ya wote Bahati anapiga kelele:

"Bwana mukubwa, siye tumesikia byote! Umesema, 'Andika chumba ni chao, lakini usiwaambie sasa, wacha niwatishe na viti kidogo!' Asante sana, bwana! Bamama beko banacheza huku! Lodwar, mumesikia? Chumba ni yenu!"

Afisa akaitazama maikrofoni kama kitu kilichomng'ata. Karani akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Kisha lile tumbo la bwana mkubwa likaanza kucheka kabla ya mdomo wake, na kofia ikaanguka, hata hakuiokota.

Akiru alikuwa ameshafika mezani na kiganja wazi, kile kilichochubuka. Afisa akaingiza mkono mfukoni, akamwekea ufunguo. Ulikuwa wa moto, maana alikuwa ametembea nao mfukoni tangu saa mbili asubuhi.